Namna ya Kulitambua Jiwe la Thamani Linalotajwa kwa Neno Geni la Kilatini: Mfano wa Ligurius

Anayesoma Biblia ya Kilatini, awe mseminari, katekista, mwalimu wa dini au mfasiri wa lugha mojawapo ya Uganda, akifika kwenye sura ya 28 ya kitabu cha Kutoka hukutana na kifuko cha kifuani cha Haruni, chenye vito kumi na viwili vilivyopangwa katika safu nne. Safu ya tatu, katika aya ya 19, Vulgata inaitaja hivi: ligurius, achates, amethystus. La pili ni akiki na la tatu ni amethisto, na yote mawili hayasumbui. La kwanza ndilo linalomkwamisha msomaji. Sonara hana jiwe la jina hilo, kamusi ndogo ya shule hailitaji, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version mahali hapo imeandika "hiakintho", neno ambalo nalo linahitaji maelezo.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulifuatilia neno kama hilo kwa utaratibu hadi upate jibu unaloweza kulitetea mbele ya wanafunzi au mbele ya kamati ya tafsiri. Nimelichukua ligurius kwa sababu ndilo gumu kuliko mengine, na aliyelimudu hili hatashindwa na sardius wala chrysolithus.

Kabla ya kufungua kitabu chochote, ondoa dhana moja inayowapotosha wengi. Watu wa kale hawakuyapa mawe majina kwa kufuata kemia yake. Waliangalia rangi, mng'ao, mahali jiwe lilikotoka, na jinsi lilivyotenda likisuguliwa au likichongwa. Kwa hiyo jina moja liliweza kubeba mawe ambayo leo tunayatenga, na jina lililobaki hai hadi leo linaweza kuwa limehamia jiwe jingine kabisa. Plinius, Mrumi aliyekufa mwaka 79 katika mlipuko wa Vesuvius, anasema topazus ilitoka katika kisiwa cha Bahari ya Shamu, kwamba ni ya kijani, na kwamba miongoni mwa vito bora ni hiyo peke yake inayolika kwa tupa. Hiyo si topazi ya leo, ambayo ni ngumu mno. Maelezo yake yanaangukia peridoti. Vilevile sappirus yake ina chembe zinazometa kama dhahabu, nayo ni sifa ya lapisi lazuli, wala si yakuti samawi. Berili ni mfano wa upande wa pili: Plinius anaeleza kuwa mafundi waliipa umbo la pembe sita, na kwamba wengi waliiona kuwa ya asili moja na zumaridi au inayokaribiana nayo. Hapo jina la kale na jiwe la leo vinakutana vizuri, na mwalimu anayefundisha kusini-magharibi mwa Uganda, ambako berili inapatikana miambani, anaweza kuwaonyesha wanafunzi jiwe lenyewe. Usitarajie bahati hiyo kwa kila neno.

Anza na tahajia

Kazi ya kwanza ni kuandika kwenye karatasi maumbo yote ya neno unayoweza kuyapata, kwa sababu wanakili wa hati za mkono waliyaandika majina ya kigeni kama walivyoyasikia. Ligurius huonekana pia kama ligyrius. Katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kigiriki, neno ni ligurion. Kwa waandishi wasio wa Biblia utakutana na lyncurium, lyncurius na lyngourion. Usipoyaandika yote utatafuta umbo moja tu, kisha useme neno halipatikani, ilhali limejaa katika vitabu chini ya herufi nyingine.

Hapo uchaguzi wa kamusi una uzito wake. Oxford Latin Dictionary ni kamusi bora sana, lakini mipaka yake inaishia karibu na mwisho wa karne ya 2, kwa hiyo Kilatini cha Biblia na cha Mababa wa Kanisa kiko nje yake. Kamusi ya Lewis na Short, iliyotolewa mwaka 1879, ni ya zamani zaidi lakini inaingia hadi katika Kilatini cha baadaye, na inasomwa bure kwenye intaneti, jambo lenye faida kubwa kwa anayesoma katika parokia iliyo mbali na maktaba. Nashauri uanze na hiyo. Hata hivyo, ukiikuta inakupa jina la jiwe la kisasa, ulichukue jina hilo kama maoni ya mtunga kamusi, kisha uendelee na kazi yako.

Baada ya tahajia, hesabu mahali neno linapotokea. Katika Vulgata ligurius inatokea mara mbili tu: Kutoka 28:19 na Kutoka 39:12, na mara zote mbili inasimama badala ya neno la Kiebrania leshem. Haimo katika misingi kumi na miwili ya Yerusalemu Mpya ya Ufunuo 21. Katika Ezekieli 28:13 Septuaginta ya Kigiriki inalo neno ligurion, kwa kuwa imejaza vito vyote kumi na viwili, lakini Kiebrania kina vito tisa tu, naye Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Vulgata, aliyefasiri kutoka Kiebrania, hakuliweka. Habari hii ndogo inakufunza jambo kubwa: Yeronimo hakuwa na jiwe la Kilatini mkononi. Alilipokea neno la Kigiriki lililokuwa limezoeleka na kulipa mwisho wa Kilatini. Swali lako la kweli sasa ni hili: wale Wayahudi wa Aleksandria waliofasiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo, walikuwa na jiwe gani akilini waliposema ligurion?

Wapange mashahidi kwa tarehe

Hii ndiyo hatua yenye utajiri, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Chukua ukurasa mzima, andika majina ya waandishi waliolitaja jiwe kuanzia wa kale zaidi, na mbele ya kila jina uandike alichosema, bila kuchanganya.

Wa kwanza ni Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyeandika juu ya mawe mwishoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo. Anasema lyngourion huchongwa mihuri, ni imara kama jiwe, ni angavu sana, ni baridi, na kulisafisha kunahitaji kazi nyingi. Anaongeza kuwa huvuta vitu kama kaharabu, utomvu wa kale wa miti ulioganda, inavyovuta, na kwamba kwa mujibu wa Diocles huvuta si makapi na majani tu, bali hata vipande vyembamba vya shaba na chuma. Kisha anasimulia kwamba jiwe hilo hutokana na mkojo wa linksi, mnyama wa jamii ya paka. Kwamba la mnyama wa mwituni ni bora kuliko la aliyefugwa, na la dume ni bora kuliko la jike. Na kwamba mnyama huufukia mkojo wake, hivyo wajuzi hulipata kwa kuchimba.

Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyeandika karne tatu baadaye hivi, anasema nchi ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, ina lingourion kwa wingi, ambayo baadhi ya watu huiita elektron, yaani kaharabu. Ovidius, wa zama hizohizo, analirudia simulizi la mkojo wa linksi kwa ushairi. Plinius ana sauti mbili, na anayemnukuu lazima azisome zote. Katika kitabu cha 8, anapoeleza wanyama, anasimulia bila kupinga kuwa maji ya linksi huganda yakawa vito vyenye rangi ya moto. Katika kitabu cha 37, anapoeleza vito vyenyewe, anasema ukaidi wa waandishi ndio unaomlazimu kulitaja jiwe hilo, kwamba linasemwa kuwa na rangi ya kaharabu ya moto na kuwa huchongwa, kisha anatamka kwamba kwa maoni yake habari yote ni ya uongo na kwamba katika zama zake hakuna kito kilichoonekana kikiitwa kwa jina hilo. Ninaliheshimu sana neno hilo la Plinius. Mtu aliyekusanya habari za vito vya dola nzima ya Roma anakiri kwamba hiki hakuna aliyekiona.

Katika karne ya 4 baada ya Kristo Epiphanius, askofu wa Salamis huko Kipro, aliandika juu ya vito kumi na viwili vya kuhani mkuu. Alilitafuta ligurion kwa waandishi wa mawe bila kulipata, akakisia kuwa ni hiakintho. Kisio hilo ndilo lililosafiri kwa karne nyingi katika tafsiri za Ulaya hadi likafika katika Biblia yetu ya Kiswahili. Waandishi wa baadaye, kama Isidore wa Sevilla katika karne ya 7 na askofu Marbode wa Rennes aliyekufa mwaka 1123, walilirudia simulizi la linksi; unaweza kuwapitia haraka, kwa sababu walipokea kutoka vitabuni wala hawakulishika jiwe.

Tenga kilichoonekana na kilichosimuliwa

Sasa rudi kwa Theophrastus na upige mstari chini ya mambo yanayoweza kuonekana kwa jicho au kuguswa kwa mkono: uangavu, uimara, ubaridi, kazi ya kusafisha, kuvuta vitu vyepesi, kuchongwa mihuri. Habari ya mkojo iweke pembeni. Usiidharau, lakini iulize imetoka wapi. Kwa masikio ya Mgiriki, jina la jiwe la Liguria lilikuwa karibu sana na maneno mawili ya lugha yake, lynx na ouron, yaani linksi na mkojo. Wataalamu wengi wanaona kwamba simulizi lilizaliwa na jina: watu walilisikia neno, wakalitafutia maana, na maana ikapata mnyama wake. Msomaji wa Uganda anayetaka kumfikiria mnyama huyo amfikirie simbamangu wa Kidepo, mwenye vishungi vya manyoya meusi kwenye ncha za masikio. Linksi ana vishungi kama hivyo. Wala wazee hao hawakuwa wajinga kuamini kwamba mkojo unaweza kuwa kitu kigumu. Palipo na pimbi wengi miambani, mkojo wao huacha juu ya jiwe utando mweupe uliokauka, na mtu aliyeuona haoni ajabu ya simulizi la linksi.

Pima mawe yanayodhaniwa

Mawe yanayotajwa zaidi ni matatu: kaharabu, turmalini, na zirkoni ya rangi ya machungwa ambayo wauza vito waliiita hiakintho. Yapime kwa sifa zilezile ulizozipigia mstari na si kwa nyingine. Wanafunzi hupenda kuingiza uzito au kemia, ilhali shahidi hakuvitaja. Kipimo ambacho shahidi hakukifanya hakiwezi kuamua alichokiona.

Kaharabu unaweza kuipima mwenyewe darasani. Chukua punje ya tasbihi ya kaharabu, isugue kwa nguvu kwenye kitambaa cha sufu, kisha iinamishe juu ya vipande vya karatasi vilivyochanwa vidogovidogo: vitaruka na kuinasa, vingine vikisimama wima kabla ya kuanguka. Jina lenyewe la kaharabu, lililotujia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, lina maana ya kinyakua makapi. Ishike shavuni, nayo haitakuwa baridi kama kioo au jiwe la mtoni, kwa kuwa ni utomvu wa miti ulioganda kwa mamilioni ya miaka. Ugumu wake ni kati ya 2 na 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa madini kinachoishia 10, hivyo kisu kinaichonga bila taabu.

Hakikisha tu kwamba unachopima ni kaharabu kweli, maana punje nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni plastiki au sandarusi, utomvu wa miti ulio mchanga zaidi. Koroga vijiko saba vya chai vya chumvi katika bilauri ya maji hadi iyeyuke, kisha tumbukiza punje isiyo na uzi wala chuma. Kaharabu huelea, na plastiki nyingi nzito huzama. Kwa kuwa sandarusi nayo huelea, na hata aina fulani za plastiki, weka baadaye tone la asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, mahali pasipoonekana: sandarusi hunata chini ya kidole, kaharabu haibadiliki. Sandarusi ni ile iliyosafirishwa kwa wingi kutoka pwani yetu kupitia Zanzibar katika karne ya 19, na ni changa mno ikilinganishwa na kaharabu.

Ukilinganisha matokeo hayo na maneno ya Theophrastus, utaona kaharabu inakubali kuvuta vitu na uangavu, lakini inakataa ubaridi na ile kazi nyingi ya kusafisha. Zaidi ya hayo, Theophrastus, mara tu baada ya kulieleza lyngourion, anaitaja kaharabu kando, ile inayochimbwa Liguria, na kusema kwamba nayo ina nguvu ya kuvuta. Mtu hakiiti kitu kimoja kwa majina mawili, kisha akasema hiki nacho ni kama kile. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa waliomtolea Theophrastus tafsiri ya Kiingereza mwaka 1956, Caley na Richards, waliegemea upande wa kaharabu.

Turmalini ilipendekezwa na William Watson mwaka 1759, baada ya Ulaya kushangazwa na mawe yaliyoletwa na Waholanzi kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), ambayo yakipashwa moto huvuta majivu. Ni ngumu, kati ya 7 na 7.5, ni baridi, ni angavu. Upungufu wake ni kwamba Theophrastus hataji moto popote, na sifa iliyomvutia Watson ni ya moto. Zirkoni ina ugumu, ubaridi, uangavu na rangi ya moto, lakini kuvuta vitu si sifa ambayo mtu angeikumbuka kuihusu. Tena hiakintho ya Plinius ilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, karibu na amethisto, wala haikuwa ya machungwa. Kwa hiyo anayesema ligurius ni hiakintho anahitaji kueleza kwanza ni hiakintho ya karne gani.

Ukiwa na jiwe halisi usilolijua, usilikwaruze wala kulichoma ili kulithibitisha. Lipeleke Entebbe kwenye ofisi ya serikali ya utafiti wa jiolojia na migodi, ambako wapo wataalamu wa madini.

Toa uamuzi, kisha uchague neno la Kiswahili

Uamuzi wangu ni huu. Jina lilianza, kwa uwezekano mkubwa, kama jina la kibiashara la kaharabu iliyopitia Liguria, kama Strabo anavyodokeza. Kufikia zama za Theophrastus jina hilo lilikuwa limehamia jiwe jingine, gumu na angavu, lenye rangi iliyofanana na kaharabu. Kwa kuwa Septuaginta ya Torati iliandikwa karibu zaidi na zama za Theophrastus kuliko za Strabo, shahidi wa kusikilizwa kwa Kutoka 28:19 ni Theophrastus: jiwe la mihuri, angavu, na, tukiongeza maneno ya Plinius, lenye manjano yanayoelekea wekundu wa moto. Kulitaja kwa jina moja la kimadini ni kuwapa wasomaji uhakika ambao mashahidi hawakuutoa.

Mfasiri basi ana njia tatu. Anaweza kubaki na "hiakintho" ya Union Version, ambayo ina heshima ya kuzoeleka na ya ukoo unaofika hadi kwa Epiphanius. Kwa usomaji wa ibada mimi ningeiacha ilivyo. Anaweza kuandika "liguri", kwa kulifuata neno la Kilatini. Njia hii inafaa katika tafsiri ya kitaalamu au kitabu cha darasani, kwa kuwa haidai kitu kisichojulikana. Au anaweza kueleza sifa, kwa mfano "jiwe angavu la rangi ya moto", katika lugha ambayo haina neno la kukopa. Asichopaswa kufanya ni kuandika "turmalini" au "kaharabu" ndani ya aya yenyewe. Kabla ya kuamua, zifungue Biblia za Kiganda, Kirunyankole-Rukiga, Kiacholi na nyinginezo zinazosomwa na waumini walewale, uone kila moja imeandika nini katika aya hiyo. Zitakuonyesha wafasiri walifuata Kiebrania, Kigiriki au Kiingereza, na waumini wanaosikia masomo kwa lugha mbili katika misa moja hawatachanganyikiwa na uamuzi wako.

Lolote utakalochagua, liandike vilevile katika Kutoka 39:12, kisha weka tanbihi fupi mahali pa kwanza. Ningeiandika hivi: "Kiebrania: leshem. Septuaginta: ligurion; Vulgata: ligurius. Jiwe angavu lililochongwa mihuri. Huenda lilikuwa la manjano yenye wekundu. Aina yake haijathibitishwa." Mwanafunzi akiuliza zaidi, mpe ule ukurasa wako wa mashahidi, na ikiwezekana punje ya kaharabu na kitambaa cha sufu.